SSD zinazidi kwenda kasi, mbona bei haitaki kushuka?

mwanafaili (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna jambo linanikereketa na najua humu hawakosekani watu wa hadiwea. Mwaka 2018 SSD nzuri ya NVMe, yaani diski ya chipu inayopita kwenye njia ya PCIe ya kompyuta, ilikuwa inasoma megabaiti 3,500 kwa sekunde na tuliona maajabu. Zikaja za kizazi cha nne cha PCIe, 7,000. Sasa za kizazi cha tano zinagonga 14,000. Kasi imepanda mara nne ndani ya miaka michache.

Kwenye elektroniki tumezoea kwamba kitu kikishaboreshwa, cha zamani kinaporomoka bei, na hicho kipya nacho hakikai muda kinafuata. Hapa sioni hivyo. Katikati ya 2023 terabaiti 2 zilipatikana chini ya dola 100. Halafu zikaanza kupanda, na tangu mwishoni mwa 2025 ndiyo hazishikiki kabisa.

Inakuwaje teknolojia inakomaa halafu bei inapanda? Ni uchoyo wa viwanda au kuna kitu sikioni? Naomba mtu asiniandikie "ni AI" kisha akapita. Nataka mtu aifungue hiyo diski atuonyeshe hela inakwenda wapi.

volti16

Mkuu, swali lako zuri ila limebeba dhana inayokupoteza njia. Unadhani kwenye SSD unalipia kasi. Hulipii kasi, unalipia biti, yaani nafasi ya kutunzia data.

Fungua SSD yoyote ya M.2. Utakuta kibao cha milimita 80, juu yake chipu moja ya mraba ambayo ni kontrola, yaani msimamizi wa diski, pengine chipu ndogo ya DRAM (kumbukumbu ya muda), saketi ya kugawa umeme, na chipu nyeusi mbili au nne za NAND, ambazo ndizo zinazotunza data. Kwenye diski ya terabaiti 2 au 4, hizo nyeusi ndizo zinazokula sehemu kubwa ya gharama. Ndani ya kila moja kuna vipande vya silikoni vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, na vingi vya siku hizi vinabeba terabiti 1 kila kimoja, yaani gigabaiti 128. Terabaiti 1 ni vipande 8, terabaiti 2 ni 16. Hesabu hiyo haibadiliki, diski iwe ya kizazi cha tatu au cha tano.

Sasa kasi inatoka wapi? Kipande kimoja cha NAND kikiwa peke yake ni kizito sana. Kusoma ukurasa mmoja wa seli za TLC (vijichumba vya data, kila kimoja biti 3) ni makumi ya mikrosekunde, kuandika ni mamia. Kontrola inachofanya ni kuviamsha vipande vingi kwa pamoja na kukusanya majibu yao. Kontrola za daraja la juu zina njia nane za kwenda kwenye NAND. Kila njia ikipitisha megabaiti 2,400 kwa sekunde, jumla ni 19,200. Toa za kurekebisha makosa na shughuli za ndani, zinabaki za kutosha kujaza PCIe 5.0, yaani kizazi cha tano. Diski za kwanza za kizazi hicho, mwanzoni mwa 2023, ziliishia 10,000 kwa sababu NAND iliyopatikana wakati huo ilikuwa ya 1,600 kwa njia. Kontrola ileile ilipopewa NAND yenye waya za haraka zaidi ikapita 12,000. Seli zenyewe zilibaki na uvivu wao.

Ukiongeza wachotaji kisimani, mapipa yatajaa haraka, lakini ndoo moja bado inapanda kwa muda uleule. Na kuongeza wachotaji hapa ni kazi ya kontrola, chipu ambayo si kitu cha bei kubwa ukilinganisha na NAND inayoisimamia. Kwa hiyo kasi ya mfululizo ilipanda mara nne bila mtu kutengeneza biti za bei rahisi zaidi. Ndiyo maana bei haikuwa na sababu ya kuifuata.

kichwa_cha_kusomea

Madini haya. Napiga kambi hapa.

mwanafaili (mleta uzi)

Asante mkuu volti16, hapo kwenye njia nane umenifungua. Lakini umenihamisha tu kutoka swali moja kwenda jingine. Sawa, bei ni biti. Biti kwa nini zisishuke? Si kila mwaka tunasikia chipu zimesinyaa?

volti16

Tuwekane sawa kwanza: zimeshuka, na zimeshuka vibaya mno. Mwaka 1991 SunDisk, hawa wanaoitwa SanDisk leo, walitoa SSD ya megabaiti 20 kwa takriban dola 1,000. Piga hesabu, ni dola 50,000 kwa gigabaiti. Mwaka 2008 Intel wakaja na X25-M ya gigabaiti 80 kwa dola 595 bei ya jumla, kama dola 7 na nusu kwa gigabaiti. Hiyo ya 2023 uliyoitaja mwenyewe ni chini ya senti 5. Hakuna bidhaa nyingi duniani zilizoporomoka namna hiyo.

Tatizo ni kwamba njia iliyotushusha kutoka 50,000 hadi senti imefika ukingoni, na iliyochukua nafasi yake ni ghali.

Zamani seli zilikuwa zimetandazwa bapa juu ya silikoni. Ukitaka biti nyingi unasinyaza seli. Sahani ileile ya silikoni ya milimita 300 inatoa biti maradufu na gharama ya kuipitisha kiwandani haiongezeki sana. Mambo yalikwenda hivyo mpaka vipimo vikafika nanomita 15 hivi. Hapo elektroni zinazokaa ndani ya seli zikawa chache mno, seli jirani zikaanza kuvurugana, na data ikawa haishikiki. Kusinyaa kukaishia hapo.

Samsung mwaka 2013 wakaingiza sokoni NAND ya kwenda juu, tabaka 24. Walirudi kwenye seli kubwa zaidi ila wakazipanga ghorofa. Baada ya hapo zikaja 32, 48, 64, 96, 128. Micron wakafika 176 mwaka 2020 na 232 mwaka 2022. SK Hynix wakaanza kuzalisha za tabaka 321 mwishoni mwa 2024.

Sasa angalia namna inavyofanyika, maana hapa ndipo hela ilipo. Kila tabaka lazima litandazwe kwa zamu yake, lenye kuzuia umeme kisha la kubadilishwa kuwa la kupitisha umeme, mamia ya mara, bila kupinda. Kisha yanatobolewa mashimo kutoka juu hadi chini kwa plasma. Kwenye sahani moja ni mabilioni kwa mabilioni ya mashimo, kila moja jembamba kuliko kitu chochote unachoweza kukiona kwa darubini ya shule, na kina chake ni makumi ya mara ya upana wake. Shimo likipinda au likiwa jembamba chini kuliko juu, seli za chini zinafanya kazi tofauti na za juu. Ukizidi kina fulani hutoboi tena kwa mkupuo mmoja. Unajenga fungu la kwanza, unatoboa, unajenga jingine juu yake, unatoboa tena huku ukihakikisha mashimo yanakutana. Hiyo ya tabaka 321 ina mafungu matatu. Yaani kazi ngumu kuliko zote kiwandani inarudiwa mara tatu kwenye sahani moja.

Ukisinyaza seli, biti za ziada zilikuwa karibu bure. Ukiongeza tabaka, kila biti ya ziada inadai muda wake ndani ya mashine, na mashine hizo ni za mamilioni ya dola. Bado unapata nafuu, sikatai, ila nafuu ya kila kizazi inazidi kuwa nyembamba.

Mzee_wa_Saketi

Maelezo matamu lakini mnatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hawa jamaa ni genge. NAND ya dunia nzima iko mikononi mwa makampuni yasiyozidi sita: Samsung, SK Hynix na Solidigm yao, Kioxia, SanDisk, Micron na YMTC ya China. Kioxia na SanDisk wanatumia viwanda vya pamoja kule Japani, kwa hiyo ukihesabu viwanda ni pungufu zaidi. Na YMTC, ambaye angeweza kuvuruga bei, Marekani ikamweka kwenye orodha ya vikwazo Desemba 2022 akakatiwa mashine.

Na wana rekodi. Kwenye DRAM walishakamatwa. Samsung walikiri kupanga bei na kupigwa faini ya dola milioni 300 mwaka 2005, Hynix milioni 185 mwaka huohuo, Infineon milioni 160 mwaka 2004. Micron walinusurika kwa kuwa walishirikiana na wapelelezi. Halafu mnatuletea habari za mashimo ya plasma!

volti16

Mzee wangu, hizo faini ni za kweli, sina ubishi. Ila hazitoshi kueleza 2023. Genge gani linakubali hasara namna ile? Kitengo cha chipu cha Samsung kilipata hasara ya karibu woni trilioni 15 mwaka huo. SK Hynix woni trilioni 7.7. Micron walifunga mwaka wao wa fedha na hasara ya dola bilioni 5.8. Zile terabaiti 2 za chini ya dola 100 alizofurahia mleta uzi zilikuwa zinauzwa chini ya gharama. Ile haikuwa bei ya kawaida, ilikuwa soko linavuja damu.

Mzee_wa_Saketi

Na wakafanya nini baada ya hasara? Wakapunguza uzalishaji, wote, karibu wakati mmoja. Micron na Kioxia walianza 2022, Samsung akajiunga Aprili 2023, tena akatangaza hadharani. Bei ikapanda kabla mwaka haujaisha. Wewe hiyo unaiitaje?

volti16

Naiita soko la wachuuzi wachache wanaosomeana ripoti za fedha kila robo mwaka. Hawahitaji kukutana chumba cha siri. Kila mmoja anajua mwenzake akiongeza sahani bei itaanguka, na kila mmoja ana kumbukumbu ya kuungua. Kwa mnunuzi matokeo yanafanana na ya genge, hapo nakupa haki yako. Kisheria ni vitu viwili tofauti.

dada_seva

Naomba niingie, maana ninyi wawili mnagombania upande mmoja tu wa mzani. Nafanya kazi upande wa vituo vya data, na mnunuzi mwenye sauti kwenye soko hili si mtu wa laptopu.

Novemba 2024 Solidigm walitangaza SSD moja ya terabaiti 122.88. Diski moja. Ukiigawa NAND iliyomo unapata diski 61 za terabaiti 2 za nyumbani. Kituo kimoja kikubwa kinaagiza za namna hiyo kwa maelfu, kinasaini mkataba wa muda mrefu, hakirudishi bidhaa, hakipigi simu kuuliza dereva. Wewe ungekuwa kiwanda ungemhudumia nani kwanza?

Kuna lingine watu hawaliangalii. Samsung, SK Hynix na Micron wanatengeneza NAND na DRAM. Miaka hii pesa iko kwenye HBM, ile kumbukumbu inayobandikwa pembeni ya chipu za AI. Mtaji wa kujenga ni mmoja, vyumba safi ni vilevile, wahandisi ni walewale. Dola iliyokwenda HBM haikwenda kuongeza mashine za NAND. Ndiyo maana mahitaji yalipopanda 2025 hapakuwa na uzalishaji wa akiba wa kufungulia. Na mashine mpya ukiiagiza leo, hadi itoe sahani nzuri ni mwaka au zaidi. Hata sahani yenyewe ikishaingia kwenye mstari inakaa miezi kadhaa kabla haijatoka.

Desemba 2025 Micron wakatangaza wanafunga biashara yao ya Crucial, ya RAM na SSD, kwa wanunuzi wa kawaida. Chapa ya karibu miaka 30! Wamesema wazi kwamba wanaelekeza bidhaa kwa wateja wakubwa. Hiyo inakueleza nafasi ya mtu wa kawaida kwenye foleni kuliko grafu yoyote.

Mleta uzi, ulikataza jibu la "ni AI". Kwa upandaji wa mwishoni mwa 2025, samahani sana ndugu yangu, ni AI. Ila imepanda juu ya hayo ya volti16, haikuanza yenyewe.

mwanafaili (mleta uzi)

Hahaha, dada umeniweza. Ukiileta na hesabu naipokea.

kichwa_cha_kusomea

Swali la mtu asiyejua. Hivyo viwanda vikipata hitilafu kidogo, nayo inafika kwenye bei?

dada_seva

Inafika, tena haraka. Juni 2019 umeme ulikatika dakika 13 pale Yokkaichi, viwanda vya pamoja vya Kioxia (wakati huo bado Toshiba Memory) na Western Digital, ambao wakati huo ndio waliomiliki SanDisk. Dakika 13 tu. Western Digital peke yao walikadiria kupoteza takriban exabaiti 6 za NAND. Sahani iliyo katikati ya kutobolewa haisubiri umeme urudi, inakwenda jalalani. Februari 2022 ikawa kemikali iliyochafuka, Yokkaichi na Kitakami, Western Digital wakasema angalau exabaiti 6.5. Hizo ni sawa na diski milioni 6 na nusu za terabaiti 1. Viwanda vikiwa vichache hivi, kikikohoa kimoja wote tunapata mafua.

Mpiga_Gemu_Usiku

Mimi naomba kuuliza kitu kimenishinda. Nimetoka diski ya SATA (kiunganishi cha zamani) nikaenda kizazi cha nne, tofauti niliiona kidogo. Nikatoka kizazi cha nne kwenda cha tano sikuona chochote zaidi ya joto. Gemu zinafunguka muda uleule. Kwa hiyo hiyo kasi tunayosema "imeboreshwa" iko wapi?

volti16

Afadhali umeuliza, kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha uzi wote.

Namba ya kwenye boksi ni ya kusoma faili moja kubwa lililonyooka. Kompyuta yako mchana kutwa haifanyi hivyo. Inaomba vipande vidogo vya kilobaiti 4 huku na kule, kimoja kimoja, ikingoja jibu kabla ya kuomba kingine. Kwenye kazi hiyo diski nzuri ya SATA inatoa megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde. Ya kizazi cha nne, 80 au 90. Ya kizazi cha tano iko kwenye 100 hivi. Linganisha: namba ya boksi kutoka SATA ni 550 kwenda 14,000, mara 25. Namba ya kazi yako haikufika mara 4. Ombi likiwa moja, zile njia nane hazina msaada. Kipande kimoja cha NAND kinasoma, vingine vyote vimekaa.

Na usidhani hakuna aliyejaribu kulitatua. Intel na Micron walikuwa na 3D XPoint, Intel wakaiuza kwa jina la Optane. Haikuwa NAND. Kwenye vipande vya kilobaiti 4 iliiacha NAND mbali sana, na kuchoka ilikuwa haichoki haraka. Ilikuwa ndiyo utendaji wa kweli, ule mtu anaousikia akikaa kwenye kiti. Bei yake kwa gigabaiti ilikuwa juu sana, watu wakaangalia boksi, wakaona pembeni kuna nyingine yenye namba kubwa zaidi na nafasi mara nne kwa hela hiyohiyo, wakachukua hiyo. Julai 2022 Intel wakatangaza kuifunga.

Kiwanda kilijifunza somo lake: mteja ananunua namba kubwa na nafasi kubwa, hanunui mikrosekunde. Kwa hiyo wanatuuzia namba, ambayo kuitengeneza ni rahisi.

Mzee_wa_Saketi

Hapo nakuunga mkono kwa mara ya kwanza leo.

mhasibu_wa_diski

Niongeze la upande wa chini wa soko, hamjaligusa. Kuna sakafu ya bei. Kibao, kontrola, saketi ya umeme, boksi, usafirishaji na dhamana havipungui ukipunguza NAND. Ndiyo maana gigabaiti 256 haijawahi kuwa robo ya bei ya terabaiti 1, na kwa gigabaiti huwa ndiyo ghali kuliko zote. Zamani wangeweza kushusha kwa kutumia vipande vidogo vya silikoni, lakini sasa kipande kimoja ni gigabaiti 128. Diski ya 256 ina vipande viwili, na kontrola ya njia nne inabaki na njia mbili tupu. Inakuwa ndogo, ghali kwa gigabaiti, na ya polepole kwa wakati mmoja. Viwanda vinaziacha taratibu, na kila wanapoacha saizi moja, bei ya kuingilia inapanda bila mtu kutangaza kwamba imepanda.

Halafu kuna upandaji wa kimyakimya ambao unanichefua zaidi ya ule wa wazi. Niliwahi kununua modeli fulani baada ya kusoma mapitio yake, ina TLC na DRAM. Baada ya muda nikachukua nyingine, jina lilelile, boksi lilelile, bei ileile. Ndani NAND si ile na DRAM haipo. Kwenye boksi walikuwa wameandika "hadi" kabla ya kasi, basi, neno hilo moja linawalinda. Siitaji kampuni, na si moja tu yenye tabia hiyo.

Mpiga_Gemu_Usiku

Kukosa DRAM kuna ubaya gani? Naona nyingi siku hizi hazina.

mhasibu_wa_diski

Kontrola ina ramani ya kuonyesha kila data imelala seli ipi. Ramani hiyo kwa kawaida inataka kama gigabaiti 1 ya DRAM kwa kila terabaiti 1. Ukiitoa DRAM, diski inaazima kipande cha RAM ya kompyuta yako, mara nyingi megabaiti 64 tu, na inaweka sehemu ya ramani humo. Kwa matumizi ya kawaida haisumbui, kwa kweli wameiboresha sana. Ukiwa unaandika data nyingi zilizotawanyika ndipo inapoonyesha rangi yake. Na kwa vile DRAM nayo imepanda bei, tarajia kuziona zisizo na DRAM zikipanda hadi madaraja ambayo hazikuwapo.

mwanafaili (mleta uzi)

Na hizi QLC? Si zililetwa ili zishushe bei?

volti16

Zililetwa kwa hilo, na kiasi zimefanya. Seli ya SLC inabeba biti 1, inahitaji kutofautisha viwango viwili vya volteji. MLC biti 2, viwango 4. TLC biti 3, viwango 8. QLC biti 4, viwango 16, na sasa umejua jina langu lilikotoka. Dirisha la volteji ni lilelile, unaligawa vipande vyembamba zaidi. Kuandika kunachukua muda mrefu kwa sababu lazima ulenge kwa makini, kusoma kunahitaji kupima mara nyingi, na seli ikichakaa kidogo tu viwango vinaingiliana.

Intel 660p ya 2018 inakuonyesha kila kitu. Ilikuwa ya bei nafuu, kwenye boksi inaandika megabaiti 1,800 kwa sekunde. Hiyo ni kwa sababu sehemu ya seli zinatumiwa kwa muda kama SLC, biti moja moja, ili zipokee haraka. Ukinakili data nyingi kwa mpigo hadi eneo hilo likajaa, inaanguka hadi megabaiti 100 hivi. Chini ya diski ya kuzunguka! Na dhamana yake ya uandishi (jumla ya data unayoandika kabla dhamana haijaisha) kwa diski ya terabaiti 1 ilikuwa terabaiti 200, wakati za TLC za wakati huo zilikuwa zinatoa 600. Za QLC za sasa ni bora kuliko ile, ila asili ya seli ni hiyohiyo.

Kilichotokea ni kwamba vituo vya data navyo vimegundua QLC inawafaa, maana wao wanasoma sana na kuandika kwa mpangilio. Zile terabaiti 122 za dada_seva ni QLC. Kwa hiyo hata seli zilizotengenezwa ziwe za maskini sasa zina tajiri anayezigombea.

kichwa_cha_kusomea

Si waende biti 5 basi?

volti16

PLC. Solidigm walionyesha diski inayofanya kazi mwaka 2022. Lakini angalia hesabu. Kutoka biti 1 kwenda 2 unapata nafasi asilimia 100 zaidi kwenye silikoni ileile. Kutoka 2 kwenda 3, asilimia 50. Kutoka 3 kwenda 4, 33. Kutoka 4 kwenda 5, ni 25, na viwango vinatoka 16 kwenda 32. Kisha katika hiyo 25 utoe nafasi ya ziada ya kurekebisha makosa na ya kubadilisha seli zinazokufa. Kinachobaki hakitabadilisha bei kwenye rafu.

mwanafaili (mleta uzi)

Nimeelewa zaidi ya nilivyotegemea. Mwisho kabisa, mtu mwenye hela ya diski moja sasa hivi afanyeje? Asubiri?

dada_seva

Kama unayo inayofanya kazi, subiri, ila usijiwekee tarehe. Soko hili lilipanda 2017 wakati viwanda vinahama kutoka bapa kwenda ghorofa, likaanguka 2019, likaanguka tena 2023. Litaanguka tena viwanda vikijenga kupita kiasi, na kwa kawaida hujenga kupita kiasi. Kwa sasa hawaonyeshi haraka.

volti16

Kama inakubidi, achana na kizazi cha tano. Chukua cha nne, TLC, na hela iliyobaki iongeze kwenye nafasi, maana nafasi ndiyo utakayoitumia kila siku. Usiijaze hadi pomoni, acha kama sehemu ya kumi wazi ili kontrola ipate pa kuhamishia data. Na kabla ya yote soma kitabu cha ubao mama wako. Tundu la pili la M.2 kwenye baadhi ya bao ni la kizazi cha tatu au lina njia mbili tu za PCIe. Kuna mtu alichomeka diski ya 14,000 humo akaja humu kulalamika kwamba ameuziwa feki, kumbe tundu lenyewe linaishia 3,500.

Mpiga_Gemu_Usiku

Ngoja nikaangalie langu.